Ulanzi Kwenye Breki

Nyololo, Jumamosi jioni

Yeremia mwanangu,

Kamwene. Umeamkaje sikuulizi, maana ukisoma hii utakuwa umeamka ukakuta mama hayupo na moto haujawashwa, na mtu wa namna hiyo hali yake inajulikana. Uji uko kwenye chungu, nimeufunika. Maagizo ya nyumbani yameishia hapo. Habari za blanketi, za baridi ya Mbeya, za kutokopesha watu viatu, bibi yako amekuambia wiki nzima, na sasa hivi umeenda kumuaga najua anakuambia tena. Mimi nina jambo moja tu.

Leo nimefungua mzigo wako. Usinune, mama ndiye polisi wa kwanza duniani. Nilitaka kukuwekea karanga. Nikakuta ile spana kubwa ya magurudumu ya marehemu baba yako, umeiviringisha ndani ya shati la kipaimara. Kwanza nikacheka. Nikasema huyu mtoto anakwenda kuendesha lori la tumbaku Chunya, labda anadhani tajiri wake hana spana. Halafu nikakumbuka ulichosema Pasaka mbele ya binamu zako: kwamba ukishuka Mbeya, kabla hujaripoti kazini, utapita nyuma ya soko kwa Fundi Ambokile anayetengeneza baiskeli, umpasue kichwa kama yeye alivyompasua baba yako.

Kicheko kikanikwama hapo. Spana nimeitoa. Usiitafute, hutaiona.

Yeremia, Fundi Ambokile hakumuua baba yako. Zile breki alizotengeneza hazipo, hakutengeneza breki yoyote. Tulitengeneza sisi wenyewe, mimi na baba yako, hapa hapa uani, na wazo lilikuwa la kwangu.

Sasa nimeshaandika, kalamu haiwezi kurudi. Keti chini usome yote. Mimi shule yangu unaijua, miaka mitatu ya misheni, halafu mwalimu akanifukuza kwa kumwigiza anavyotembea. Kwa hiyo nitaandika kama ninavyoongea, nikipinda we nyoosha mwenyewe.

Ile lori ilikuwa ya jeshi, mabaki ya vita, tuliinunua kwa mlowezi mmoja pale Iringa wakati ule bado tuna Mfalme, Malkia hajaingia. Baba yako alikuwa dereva wa jeshi kule vitani Bama. Dereva, nasema, siyo fundi. Lakini Bama aliona mafundi wa kizungu wanatengeneza magari porini, akarudi anajiona na yeye anajua. Na mimi nikimwona mtu anajiona anajua, namwamini, hasa akiwa mume wangu na ana masharubu yale.

Tulikuwa tunaziba kila kitu. Tangi lilipovuja tuliziba kwa sabuni, ule mche wa kufulia, likakaa miezi miwili. Watu wakasema Zakayo na mkewe ni wazungu weusi. Mkanda wa feni ulipokatika tukasuka wa ngozi ya ng'ombe, tukaupaka mafuta ya nguruwe. Ulizunguka vizuri mpaka siku baba yako alipoinama kusikiliza unavyoimba. Ukakatika, ukamchapa, ukaondoka na kipande cha sikio. Unalikumbuka lile sikio? Ulikuwa unaliuliza, "Baba, nani amekuuma?" na yeye anakuambia, "Mama yako." Tulicheka wote. Ilikuwa damu ya debe zima, na sisi tulicheka.

Rejeta ilipotoboka tukaweka unga wa mahindi. Eti ukichemka unakuwa ugali, unaziba tundu kwa ndani. Na kweli uliziba. Uliziba na tundu, na mabomba, na kila kitu. Mlima wa kwanza tu ile gari ikaanza kunguruma tumboni. Mzee mmoja wa kanisa, abiria wetu, akasema yeye atafungua mfuniko. Ulimrukia uji wa moto kifuani na shingoni, ngozi ikatoka kama ya kiazi cha kuchemsha. Alipopata pumzi alimpiga baba yako ngumi ya mdomo, baba yako akamrudishia, wakapigana pale barabarani, mmoja ameungua na mwingine anatema damu, mpaka wakachoka. Halafu nikawapa ulanzi. Wakanywa kikombe kimoja wakicheka. Ndiyo maana nakuambia, mwanangu, hatukuwa tunajifunza. Kila tukiumia tulikuwa tunapata hadithi nzuri ya kusimulia, na mimi nilikuwa hodari wa kusimulia.

Sasa siku yenyewe.

Ilikuwa masika, mianzi inatoa ulanzi kama mvua. Nilikuwa nimekusanya kwa wagema wa vijiji vitatu, mapipa manane, mtamu, wa asubuhi ile ile. Igowole kulikuwa na mnada. We unajua ulanzi haungoji mtu. Leo ni mtamu wa watoto, kesho umekuwa mkangafu, keshokutwa unaangusha ng'ombe. Asubuhi baba yako akakanyaga breki, mguu ukazama. Akaangalia chini ya gari, bomba la gurudumu la nyuma limepasuka, mafuta ya breki yote yako kwenye matope.

Akamwita Ambokile. Alikuwa amekuja hapa Nyololo kama mwaka mmoja, Mnyakyusa, kijana mpole, amefungua banda lake kule karibu na kona. Akalala chini ya gari muda mrefu. Akatoka, akajifuta mikono, akaniambia mimi, siyo baba yako, maana alishajua nani mwenye safari.

"Mama Yeremia, hii gari isitoke. Bomba limekufa na mafuta ya breki sina. Nimeagiza Iringa, yanakuja na basi la Jumanne."

"Leo Ijumaa, fundi. Ulanzi wangu Jumanne utakuwa umepata meno."

"Basi umwage, mama."

"Nikumwage wewe!"

Akacheka. Kijana wa watu alicheka, akachukua mfuko wake, na kule mlangoni akageuka akasema tena, na safari hii hakucheka: "Mzee Zakayo, kuna ule mteremko wa mtoni. Usitoke. Naomba."

Hayo ndiyo maneno yake yote asubuhi ile. Nimeyabeba miaka saba, sijapunguza hata moja.

Alipoondoka, baba yako akasema tungoje. Sikiliza hapo, Yeremia. Baba yako alisema tungoje. Mimi nikamwambia, "Hivi kule Bama ulikuwa unapigana na Wajapani au ulikuwa unawafulia?" Majirani walikuwa wanapita, wakacheka, wakaenda zao. Akavua shati, akachukua nyundo.

Lile bomba lililopasuka akalikunja na kulipondaponda mpaka likazibika, hiyo aliiona jeshini, gari ibaki na breki za magurudumu matatu. Sasa mafuta. Akasema bila mafuta hatuendi. Nikaangalia mapipa yangu. Nikasema, Zakayo, ulanzi ukiufunga kwenye chupa si unarusha kizibo? Akasema ndiyo. Sasa kitu chenye nguvu ya kurusha kizibo kitashindwaje kusukuma breki?

Akanitazama. Akasema, "We mwanamke ulipaswa kwenda Bama badala yangu."

Nikauchuja kwa kanga yangu, mara mbili, usiwe na machicha. Nikamimina mwenyewe. Yeye akalala chini kutoa upepo, mimi nimekaa kwenye usukani nakanyaga. "Kanyaga! Shika! Achia!" Nakanyaga, nashika, naachia. Pedeli ikapanda, ikawa ngumu kama jiwe. Tukazunguka uani, akafunga breki, gari ikasimama paa. Nilipiga vigelegele. Majirani wakachungulia, wakapiga makofi, wakidhani ni kazi ya fundi. Akasema, "Mama Yere, leo hata breki zimelewa."

Tukaondoka, sisi wawili mbele na watu sita juu ya mapipa.

Kona ya kwanza ya ule mteremko breki zilishika. Ya pili zikashika kidogo. Mimi nilikuwa naimba. Nikaona mguu wa baba yako unakanyaga, unakanyaga tena, unakanyaga haraka haraka kama mtu anayeua nge. Pedeli ilikuwa inazama mpaka kwenye bati. Baadaye sana mtu alinieleza: breki zikipata moto, ulanzi unachemka, unageuka povu, na povu halisukumi kitu. Ile nguvu ya kurusha kizibo ndiyo iliyotuua. Breki ya mkono hatukuwa nayo toka tunainunua, tulikuwa tunaweka jiwe.

Akajaribu kurudisha gia, ikalia kama nguruwe anayechinjwa. Akasema, "Ruka." Nikasema, "Siruki." Akasema, "Debora, ruka!" Nikashika mkono wake. Basi akanipiga teke. La mbavu, kwa buti la jeshi, kwa nguvu zake zote, hajawahi kunipiga maisha yake yote. Mlango ukafunguka na mimi nikatoka. Hizi mbavu mbili ninazokuambia zinaniuma kwa sababu ya baridi, ndiyo hizo. Ni teke la baba yako.

Niliisikia ikigonga ukuta wa mlima, sikuiona. Nilipofika, lori limelala ubavu. Pipa moja lilikuwa limepasua kabini kwa nyuma, limembana baba yako kifuani kwenye usukani. Alikuwa macho wazi. Damu inatoka mdomoni, na ulanzi unamwagika juu yake, vyote vinateremka pamoja mpaka barabarani, na nyuki wamekuja. Nyuki walifika kabla ya watu. Nilikuwa nawapiga kwa mikono wasimkae usoni, najua amekufa na bado nawapiga. Nyuma kulikuwa na mwanaume mmoja mfupa wa paja umetoka nje anamwita mama yake, na dada mmoja mkono wake umegeuka unaangalia nyuma. Mguu wa baba yako bado ulikuwa juu ya pedeli.

Watu wakaja wanakimbia toka mashambani na majembe yao. Baba yako mdogo Sakaria alikuwa anashuka na baiskeli, naye anakwenda mnadani. Aliponiona, aliangusha baiskeli. Akauliza kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia:

"Nani katengeneza hizi breki?"

Mwanangu, nilikuwa na nafasi. Nilikuwa na mdomo, nao mdomo wangu haujawahi kukosa neno. Nikaona wale walioumia wananiangalia. Nikaona jinsi nitakavyoishi hapa Nyololo, mwanamke aliyemuua mumewe kwa pombe. Nikakuona wewe, wa miaka kumi, uko Igowole kwa bibi unatusubiri. Nikasema, "Fundi."

"Fundi yupi?"

"Ambokile."

Lori la shamba la chai likatuchukua kuturudisha, maiti, majeruhi, na wanaume kama ishirini wamening'inia pembeni na majembe. Ningeweza kusema wakati wowote. Nilishika kichwa cha baba yako nikanyamaza.

Tulimkuta Ambokile anakula. Ana tonge mkononi. Alituona, akaona nguo zangu, akasimama akasema, "Ndaga, mama, ndaga," ile pole yao. Sakaria akampiga mpini wa jembe usoni na chakula kikiwa mdomoni. Wakamwangukia wote. Mateke, mipini, mawe. Wakamvuta nje kwa miguu, wakampiga kwa minyororo yake, wakampiga kwa jeki yake. Banda walilivunja kwa muda wa mtu kusema Baba Yetu. Alikuwa anajiviringa chini kama jongoo, halafu akaniona katikati ya miguu ya watu, akapiga kelele:

"Mama Yeremia, waambie! Waambie asubuhi nilikuambia nini!"

Wakasimama. Yeremia, walisimama. Sakaria akanigeukia, jasho na machozi, akasema, "Shemeji, alikuambia nini?"

Kulikuwa na kuni pale jikoni kwake. Nilichukua gongo moja. Nikaenda mpaka pale alipo, na nikampiga nalo mdomoni. Nikampiga mara ya pili, na ya tatu, meno yakanirukia miguuni. Watu walidhani ni uchungu wa mjane. Wengine walilia kwa kunionea huruma. Haikuwa uchungu. Nilimpiga mdomoni kwa sababu ukweli ulikuwa humo na ulikuwa unataka kutoka.

Baada ya hapo wakajua wana ruhusa. Wakaushika mkono wake wa kulia, wakaulaza kwenye chuma anachopondea mabomba, wakavunja vidole kwa nyundo yake mwenyewe, kimoja kimoja. Sakaria anasema kila kimoja, "Hutashika tena gari ya mtu." Nilivumilia vitatu, nikafumba macho. Masikio hayafumbiki.

Kesho yake askari wakaja. Nani kampiga? Hakuna aliyeona. Yeye mwenyewe mdomo umevimba hawezi kutoa neno. Wakamchukua hospitali Iringa, alipotoka huko akarudi kwao Mbeya. Askari wakaandika kwamba breki zilikatika. Ile lori vijana waliivunja vipandevipande kwa hasira, na ulanzi ukaenda na vile vyuma. Hakuna mtu aliyewahi kunusa bomba.

Wewe ulikuja siku ya maziko umevaa kaptura ya shule. Nilimwona Sakaria amekuinamia anakuambia kitu sikioni, anakuonyesha upande wa lile banda. Nilijua anakuambia nini. Nilikuwa nimeshika sahani za wageni. Nikaendelea kugawa ugali.

Na nikaendelea kuchekesha watu, si unajua. Mama Yeremia, mjane mcheshi, anauza ulanzi huku anacheza. Nimekulea kwa huo ucheshi na nimekusomesha mpaka darasa la nane. Nilidhani hasira yako itapita kama chunusi. Haikupita. Niliiona inaota ndevu pamoja na wewe, na nikawa naiogopa, na bado nikanyamaza, kwa sababu kukuambia ilikuwa ni kukuonyesha mimi.

Mwaka juzi, nilipokwenda Mbeya kuuza maharage, nilimtafuta. Nilimkuta nyuma ya soko, amepindua baiskeli ya mtu, anakaza spoki kwa mkono wa kushoto, ule wa kulia anautumia kama kigingi cha kuzuia gurudumu. Amezeeka, naye ni mdogo kwangu. Akainua uso, akanisalimia kwa Kinyakyusa. Meno ya mbele hana.

"Ugonile, mama. Una baiskeli?"

"Hapana. Napita tu."

"Haya. Pita salama."

Sijui kama alinitambua. Nimewaza sana. Ninafikiri alinitambua. Nikapita salama, kama alivyosema, mpaka stendi, na ndani ya basi nikawachekesha watu mpaka Makambako.

Sina mafundisho ya kukupa juu ya haya. We ni dereva sasa, utaniambia wewe breki zinataka nini. Kitu kimoja tu ninachokijua: siku ile gari iliharibika asubuhi, na ingeweza kutengenezwa Jumanne. Mimi ndiye niliyeharibika, na nimekuwa najiziba mwenyewe kwa sabuni na unga miaka saba, na safari hii anayeteremka mlima ni wewe. Ukimpiga yule mtu utanyongwa, Yeremia. Utakuwa umemuua mtu aliyembembeleza baba yako asife.

Unikasirikie. Unayo haki, na mimi sitaomba uipunguze. Kama hutaki kuniita mama kwa muda fulani, niite Debora, baba yako aliniita hivyo mara moja tu na niliokoka.

Sasa nakueleza niliko. Kuna lori la pareto linatoka alfajiri kwenda Mbeya, dereva nimeshaongea naye. Basi lako ni saa nne, utafika baada yangu. Nakwenda kwa Ambokile. Nitasimama mbele ya wateja wake nyuma ya soko, mchana, niseme kwa sauti yote niliyo nayo ni nani alimimina nini kwenye breki, na nani alimvunja meno na kwa nini. Nikirudi hapa nitasema hivyo hivyo kanisani, Sakaria akiwepo. Lakini yeye kwanza.

Sijui atafanya nini. Ana kaka wakubwa, nimesikia, na ndugu zake wengine wako pale pale sokoni. Huenda wakanisikiliza. Huenda wakanipiga, na nimeona kundi la watu likipiga, najua linavyokwenda.

Ukifika, usikimbie. Tembea. Ukinikuta nimekaa naye, njoo umsalimie kwa heshima, mwambie jina lako na jina la baba yako. Ukinikuta chini, niokote, unipeleke hospitali, halafu uende kazini Jumatatu usichelewe.

Na chochote watakachonifanya, mwanangu, usikirudishe.

Mimi mama yako,
Debora